Rejeta Iliyokunywa Posa

Kama gazeti la juma lililopita lilifungiwa mahamri kabla hujalisoma, shika haya upesi tuendelee.

Mie ni Ruwa, wa Bombolulu. Nimemaliza Form Four, na tangu nimalize hiyo sijamaliza kitu kingine. Mjomba wangu Nguma, mfanyakazi wa bandarini, ana gari kuukuu nyeupe iliyopitia mikono ya watu wengi hata imesahau ilizaliwa rangi gani. Juma lililopita niliwaeleza jinsi ilivyomzimikia juu ya daraja la Nyali akiwa na suti, akasukumwa na watoto wa shule mpaka upande wa pili, wakimwimbia.

Fundi Hashim wa Kisauni akaja, akafungua boneti, akacheka peke yake.

"Gari hii si mbovu, bwana," akamwambia Mjomba. "Imesahauliwa. Gari mpya ukiisahau itakuvumilia. Hii, wallahi, haikuvumilii hata kidogo."

Hapo Mjomba akanigeukia. Akanipa kazi. Kila asubuhi nifungue boneti, nitazame maji ya rejeta, oili, mkanda wa feni na upepo wa magurudumu. Atanunua maji matamu kwa mwenye mkokoteni, mtungi mzima wa gari peke yake, maana kisima chetu kina chumvi, na Hashim kasema chumvi inakula rejeta kama mchwa.

"Siku ya posa yangu," Mjomba akasema, "gari hii itanifikisha Mtongwe kwa wazee wa mchumba wangu Quinter. Ikifika salama, nikishaoa, funguo ni zako. Fanya teksi. Ikinizimia njiani, wewe ni Kaloleni, kuchunga mbuzi wa babu yako."

Mbuzi wa babu nawajua. Wananichukia tangu nikiwa mdogo.

Hapo ndipo tulipoachana. Na leo naungama jambo ambalo mchungaji wetu bado hajalisikia.

Yale maji matamu hayakuingia kwenye gari. Yaliingia kwenye nywele.

Mbele ya nyumba yetu kuna saluni ya mabati, na ndani ya saluni kuna Valarie. Siku ya pili tu ya kazi yangu mpya, akasimama mlangoni, kitana kimechomekwa kichwani.

"Ruwa, kakangu. Hii shampuu na maji ya kisima haitoi povu. Nywele za watu zinakuwa kama katani. Wateja watanikimbia."

"Pole."

"Na nyie mna mtungi wa maji matamu umekaa tu kwenye buti."

"Hayo ni ya gari, Valarie."

"Kwani gari ina nywele?"

Shuleni niliulizwa maswali mengi yakanishinda, lakini hili lilinishinda kuliko yote, kwa sababu aliyeliuliza alikuwa anatabasamu.

Basi ikawa hivyo. Mkokoteni ukija, maji matamu yanakwenda kwa Valarie. Rejeta inapata ya kisima, kama sisi sote tunavyopata, na sisi hatujafa.

Usidhani nilikuwa mvivu. Nje ya gari nilifanya kazi mpaka jasho. Nilipiga sabuni, nikapaka magurudumu weusi, nikaning'iniza kile kikaratasi cha harufu ya waridi kwenye kioo. Boneti nayo nilikuwa naifungua na kuifunga kwa kishindo, makusudi, Mjomba asikie akiwa anakunywa chai.

"Umetazama maji?" anapiga kelele toka ndani.

"Nimetazama!"

Na kweli nilikuwa nimetazama. Yalikuwa yanazidi kuwa mekundu.

Mjomba akitoka anazunguka gari, anajitazama kwenye mlango unavyong'aa, anasema, "Hiyo ndiyo kazi."

Na gari ikaenda. Asubuhi bandarini, jioni Bombolulu, bila hata kikohozi. Hilo ndilo lililoniharibu. Kama ingezima mapema ningejirekebisha mapema.

Mkesha wa posa, mchana, dhamiri ikanishika. Au niseme ukweli: niliota mbuzi. Nikaendesha mpaka kwa Hashim.

Hashim akafungua kifuniko cha rejeta, akachungulia, akainua kichwa.

"Maji gani haya?"

"Matamu."

"Matamu kwa nani?"

Nikatazama viatu vyangu.

"Sikiza, Ruwa. Hii rejeta imejaa chumvi na kutu mpaka kooni. Usiiguse. Nenda nayo posa, rudi, Jumatatu niletee niing'oe, niioshe, nizibe panapovuja."

"Mbona nisiioshe mie leo?"

"Kwa sababu nimekwambia usiiguse."

"Lakini wewe si ndiye uliyesema gari imesahauliwa? Mie naikumbuka, unanikataza!"

"Hukuikumbuka siku zote hizo, waja kuikumbuka leo? Nenda zako!"

Sasa hebu niambie wewe unayesoma. Mtu amekuwa mbaya siku zote, siku anapoamua kuwa mwema anaambiwa ngoja Jumatatu. Ni haki?

Nikarudi nyumbani, nikaingiza mpira wa maji kwenye rejeta, nikafungua chini. Uchafu uliotoka ungepandiwa mahindi. Nikaosha, nikaosha, mpaka maji yakatoka meupe. Nikajisikia mtu mpya. Nikajaza tena, nikawasha injini, nikakaa kwenye kiti nikisubiri kujipongeza.

Tone likaanguka chini ya gari. Likafuatwa na lingine. Halafu rejeta nzima ikaanza kulia, huku na huku, kama mtoto aliyeamshwa.

Nikampigia Hashim.

"Inavuja!"

"Uliigusa?"

"Niliiosha tu."

Akacheka mpaka akakohoa. "Ile kutu ndiyo iliyokuwa inaziba matundu! Umeiondolea plasta, bwana! Uliitia maradhi, ukaja ukaondoa dawa!"

"Sasa nifanyeje? Posa ni kesho!"

"Tia bizari."

"Bizari ya mchuzi?"

"Ya manjano. Inavimba kwa joto, inaziba. Si dawa ya kukaa. Ni ya kukufikisha. Na usiende mbio, na usisimame juani, na usipande mlima."

"Na foleni ya feri je?"

"Omba Mungu," akasema, akakata simu.

Bizari yote iliyokuwa jikoni kwa Mama Mkubwa Florence niliichukua. Huyu ni dada mkubwa wa Mjomba, na ndiye aliyekuwa msemaji wetu kwenye posa. Nikaimimina kwenye rejeta, nikachochea kwa mwiko wake. Matone yakapungua. Yakaacha. Nikaurudisha mwiko mahali pake.

Rejeta yangu sasa ilikuwa na chumvi na bizari. Ilikosa nyama tu.

Asubuhi ya posa Mjomba akatoka amevaa ile suti ya darajani, tai nyekundu, kanyoa mpaka kichwa kinaakisi jua. Akakaa nyuma.

"Leo mie ni bwana harusi," akasema. "Endesha wewe. Mtungi wa maji upo?"

"Upo, Mjomba."

Mtungi ulikuwepo. Hakuuliza ya ndani. Siku iliyopita Valarie alikuwa na maharusi watatu.

Mama Mkubwa akaja na mtungi wake, wa manjano kama ule mwingine, umefungwa leso mpya kiunoni kama bibi. Mnazi, tembo la wagema. Umeletwa toka Kaloleni alfajiri ile ile, na kifuniko kimelegezwa, maana mnazi ukiukaza unafura.

"Dada," Mjomba akasema polepole, "hawa ni watu wa bara. Sijui kama mnazi..."

"Watu wa bara hawana koo?"

"Wanazo, lakini..."

"Nguma, baba yetu alioa kwa mnazi. Mie niliolewa kwa mnazi. Posa bila mnazi ni kwenda kusalimia tu. Unataka kwenda kuwasalimia?"

Mjomba akafunga mkanda wa kiti.

Tukaenda vizuri. Nyali tukapita, mjini tukapita. Lakini kwenye foleni ya feri gari zilikuwa zimesimama mpaka huku nyuma kabisa, na jua linatupiga utosini. Mshale wa joto ukaanza kupanda. Nikaufunika kwa kitambaa cha kupangusia kioo, Mjomba asiuone.

"Hicho kitambaa cha nini?"

"Vumbi, Mjomba."

"Hiyo ndiyo kazi," akasema.

Tulipofika kwenye feri, askari akapiga dirisha. "Abiria washuke, wapite kwa miguu. Dereva peke yake. Ukishaegesha, zima injini."

Mjomba na Mama Mkubwa wakashuka, wakaingia na umati. Nikaegesha, nikazima. Na injini ilipozima, rejeta ikaanza kuzungumza. Kwanza shhh. Halafu mvuke ukatoka kwenye ukingo wa boneti, mwembamba, wa manjano.

"Kijana, gari yako inapika nini?" akauliza mwanamume mwenye baiskeli.

"Mie nasikia bizari," akasema mama mmoja mwenye kikapu. Akanusa tena. "Wallahi ni bizari. Pilau hiyo!"

"Tutolee sahani basi!"

Watu wakacheka. Askari akaja, hakucheka.

"Hii isipowaka tukifika, unajua itakuwaje? Gari zote zilizo nyuma yako hazitoki. Watakutukana mmoja mmoja, na mie nitawapangia zamu."

Nikafungua buti. Nikashika mtungi wa maji. Ukaja juu mwepesi mpaka nikataka kuanguka kinyumenyume. Mkavu. Hata tone la kudanganyia.

"Maji hayo hapo tele!" mwenye baiskeli akanionyesha bahari, na umati ukashangilia kama amevumbua kitu.

Chumvi tena? Mie nilikuwa nimeshajifunza. Kwenye gari hii hakiingii tena kitu cha chumvi, nilijiapia. Nikasimama pale kama mtu mwenye msimamo. Halafu nikauona ule mtungi wa pili, na leso yake, umekaa pale kwenye buti kwa heshima zake.

Mnazi hauna chumvi.

Najua unavyonifikiria. Lakini wewe hukuwepo, na mbuzi si wako.

Nikaifungua leso, nikaizungusha mkononi, nikafungua boneti, nikasubiri mvuke upungue, nikakizungusha kifuniko cha rejeta kidogo kidogo. Kikaruka. Maji ya manjano yakarukia leso yote, mpya, aliyoinunua Mama Mkubwa ampe mama mkwe. Nikainua mtungi, nikaanza kumimina. Povu likapanda. Nikamimina tena.

"Ala!" mzee mmoja mwenye kofia akasukuma watu mpaka mbele. "Si mnazi huo? Kijana! Unaipa gari, na mie nimesimama hapa?"

"Imeugua, mzee."

"Na mie naumwa!"

Rejeta ikanywa karibu nusu ya mtungi. Nikafunga. Feri ikagota upande wa Likoni, askari akanitazama, nikashika ufunguo, nikafumba macho.

Ikawaka!

Si kuwaka tu. Sijawahi kuiona gari ile na furaha kama hiyo. Ilipanda ule mwinuko wa feri kama yenyewe ndiyo inayokwenda kuoa. Nyuma yangu yule mzee wa kofia alikuwa bado ananung'unika.

Nikawakuta Mjomba na Mama Mkubwa juu, kando ya barabara. Mama Mkubwa hata hakukaa sawasawa.

"Mbona nasikia mnazi?"

"Umefura, Mama Mkubwa. Jua kali. Kifuniko kikaruka."

Akashuka, akafungua buti, akautikisa mtungi. "Nusu? Nusu nzima umemwagika? Na leso yangu imefanya nini?"

"Nilipangusia."

Akaichukua leso, akainusa, akainusa tena. "Mnazi gani huu una bizari?"

"Dada, leo usigombe," Mjomba akasema. "Leo ni siku yangu. Ruwa, gari inaendaje?"

"Imechangamka, Mjomba."

"Hiyo ndiyo kazi."

Mtongwe tukafika kabla ya muda tuliopewa. Mzee Dishon, baba yake Quinter, alikuwa amesimama kwenye geti lake, mrefu, shati jeupe limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata. Mzee huyu ni mtu wa bara aliyekuja pwani kijana, akafanya kazi kwenye injini za meli mpaka akastaafu. Mjomba alikuwa amenionya njia nzima: usimwite mzee bila kumpa mkono, na usimpe mkono wenye grisi.

"Karibuni, karibuni," Mzee Dishon akasema. "Tutaingia. Lakini mimi napenda kusema mambo mapema, ndio mtu asiseme hakuambiwa."

"Tunasikia, Mzee," Mama Mkubwa akajibu. Mie nilikuwa nimeshika mtungi wa mnazi mikono miwili, kama nilivyoambiwa, nimeukumbatia kama mtoto wa ubatizo.

"Mimi ni mzee wa kanisa. Kwa hii boma pombe haiingiangi. Kuna kijana alikuja hapa kuniomba huyu huyu Quinter, akaniletea chupa. Hata kiti sikumpea. Nilimwambia, mtu mwenye anakuja kuniomba mtoto na pombe kwa mkono, kesho atamchapa na huo mkono."

Mjomba akawa anamtazama dada yake. Dada yake akawa anatazama paa la nyumba. Mie nikawa natafuta pa kuuweka mtungi, na hapakuwa na mahali popote duniani.

"Na hiyo mtungi ni ya nini?" Mzee Dishon akauliza.

Nilifungua mdomo, sijui kwa sababu gani. Mama Mkubwa akaniwahi.

"Maji."

"Maji?"

"Maji matamu, Mzee. Ya gari. Ndugu yangu huyu hatoki mlangoni bila maji matamu ya gari. Ndivyo alivyo. Kijana kautoa kwenye buti kwa haraka zake, sijui kwa nini. Rudisha, Ruwa!"

Nikarudisha mbio. Lakini neno lilikuwa limeshaingia. Uso wa Mzee Dishon ukafunguka kama dirisha.

"Maji tamu!" akasema. "Mama, unajua ni watu wangapi hapa Mtongwe wanapea gari maji ya kisima? Wanaua gari na mkono yao, halafu wanalia ati gari ni mzee! Gari mzee ni kama mtu mzee. Mwangalie kila siku, atakaa. Mimi nimesema kwa hii nyumba, bibi na injini ni kitu moja, si kupenda tu, ni kuangalia." Akamgeukia Mjomba. "Ni nani anaangalia hii gari?"

"Ni mimi, Mzee," Mjomba akasema. Hakupepesa hata jicho. "Kila asubuhi kabla ya chai. Nafungua boneti mwenyewe."

Nikamtazama.

"Na huyu kijana?"

"Huyu hunishikia tochi."

Tochi! Mwanamume hajawahi kugusa boneti ile tangu ainunue. Lakini nikasema moyoni, mwache. Gari imefika salama. Funguo ni zangu. Akishaoa aitwe fundi, aitwe injinia, mie nitakuwa barabarani nabeba abiria.

Na hapo hapo gari ikasema shhh.

Sote tukageuka. Chini ya boneti povu jeupe lilikuwa linachungulia, pole pole, likidondoka juu ya lile bampa nililolisugua kwa mikono yangu.

"Inaomba maji," Mzee Dishon akasema, na akawa kama amerudishiwa ujana. Akaanza kukunja mikono ya shati. "Safari ilikuwa na jua. Hakuna shida. Kijana, leta ile mtungi ya maji tamu. Nitaipea mwenyewe."

Mama Mkubwa akanishika mkono kwa nyuma, akanifinya mpaka mfupani. Ikiwa maana yake ni "lete" au "usilete", sijui mpaka leo.

Lakini Mjomba alikuwa ameshaona hatari. Akajitupa mbele, tai imepeperukia begani.

"Mzee! Mtungi hauna haraka! Fungua kwanza rejeta. Fungua uone mwenyewe jinsi nilivyoitunza. Maji ya ndani tu yatakwambia mie ni mtu gani."

Hebu simama hapa na mie kidogo. Mjomba alijua mtungi una mnazi. Hakujua rejeta ina mnazi. Alikuwa anamtoa mkwe wake kwenye kifuniko kimoja na kumpeleka kwenye cha pili, na anatabasamu, anajiona mwerevu. Duniani pale palikuwa na vifuniko viwili, na mtu mmoja tu aliyejua vyote viwili, na huyo mtu kazi yake ilikuwa kushika tochi.

"Mjomba," nikasema.

"Nyamaza, Ruwa."

"Mjomba, pengine ipoe kwanza."

"Ruwa. Wazee wanazungumza."

Mlango wa nyumba ukafunguka, Quinter akatoka. Mrefu kama baba yake, gauni la bluu, na macho ya mtu anayehesabu mizigo kiwandani Changamwe kutwa nzima bila kupotewa na hata mmoja. Alimsalimia Mama Mkubwa kwa kupiga goti kidogo. Akamsalimia Mjomba kwa macho tu, na Mjomba akaanza kuitafuta tai yake begani.

"Baba, hiyo ni shati ya kanisa," akasema. "Itaruka ikuchafue. Wacha nifungue mimi, wewe si ndio ulinifundisha?"

"Huyo ni mtoto wangu!" Mzee Dishon akamwambia Mjomba, akarudi nyuma hatua kadhaa mpaka upande wa upepo, mvuke usimguse. "Fungua. Lakini pole pole. Geuza uso."

"Nipe kitambaa," Quinter akaniambia.

Nikafungua boneti, nikampa ile leso ya mtungi. Ndiyo iliyokuwepo. Akayatazama yale manjano yake, hakusema kitu, akaizungusha mkononi. Akakigeuza kifuniko kidogo, akangoja. Akageuza tena, akangoja. Mjomba alikuwa anafuata kila mzunguko kwa shingo, kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani aliofanyiwa na mtu mwingine.

Kifuniko kikatoka. Povu likapanda mpaka shingoni mwa rejeta, jeupe, zito, likiwa na madoa ya manjano. Na harufu ikapanda nalo.

Quinter amekulia Mtongwe. Jirani zao wana minazi, na minazi ina wagema. Hakuhitaji kuambiwa.

Akainama kidogo zaidi. Akanusa mara moja, kwa adabu. Halafu akainua macho, akanitazama mie. Akatazama buti, pale ulipokuwa mtungi. Akamtazama Mama Mkubwa, ambaye alikuwa amepata ghafla kitu cha maana sana cha kutazama kwenye mnazi wa jirani.

"Vipi?" Mzee Dishon akauliza kutoka kule aliko. "Maji iko aje?"

Quinter alisimama na kifuniko mkononi, povu linadondoka mpaka kwenye kiatu chake. Nikaona kitu kinamtembea mdomoni, na nakula kiapo sikujua kama ni kicheko au ni kilio.

Akamgeukia Mjomba.

"Nguma," akasema kwa sauti ya wazi kabisa, baba yake asikie. "Hebu niambie tena. Hii gari ni nani anaiangalia?"

Hapo ndipo mlango ulipokuwa wazi. Angesema "ni Ruwa" tu, neno moja, na mie ningekuwa Kaloleni na mbuzi, na yeye angekuwa na mke. Alichotakiwa kufanya ni kusema kweli.

Lakini Mjomba alidhani anasifiwa. Akanyoosha tai. Akavuta kifua mpaka kifungo cha koti kikalia.

"Mimi, Quinter," akasema. "Kwa mkono wangu mwenyewe. Simruhusu mtu mwingine kutia kitu mle."

Nilikuwa na ukweli wote mdomoni, umejaa mpaka mashavuni. Lakini mie nimelelewa vizuri: mkubwa akizungumza, mdogo hakatizi. Nikanyamaza kwa heshima.

Na upepo, ambao tangu tufike ulikuwa unavuma kutoka kwa Mzee Dishon kuja kwetu, ukatulia kidogo, ukageuka, ukamwendea.